Mama Mkwe Kwenye Kiti cha Kushoto

Mtaani walimwita Kapteni, na walioanza kumwita hivyo walikuwa wanamdhihaki. Kazi yake ilikuwa ufundi wa miwani. Kutwa nzima alikaa kwenye kijichumba nyuma ya duka akisaga lenzi ili zikae sawasawa kwenye fremu, na lenzi iliyozidi nusu milimita aliirudisha kwenye mashine huku akisonya. Mwenyewe alivaa miwani mizito kiasi kwamba ukimtazama usoni uliona macho makubwa kwanza, mtu baadaye. Macho hayohayo ndiyo yaliyomnyima urubani. Ujanani alikwenda kupimwa, akashindwa kusoma safu ya pili ya herufi, akaambiwa asante, mwingine aingie. Alirudi nyumbani akalala siku mbili, ya tatu akaenda kujifunza kutengeneza miwani. Ukimuuliza leo, atakwambia hana kinyongo. Usimsadiki. Ana vinyongo chungu nzima, ila amevipanga vizuri.

Alichokikosa angani alikijenga kwenye chumba cha pembeni cha nyumba yake, kile kilichokuwa cha kuanikia nguo siku za mvua. Aliweka skrini tatu, usukani, pedali za miguuni, na mikono ya kuongezea nguvu za injini aliyoichonga mwenyewe. Mbele ya meza palikuwa na viti viwili alivyoving'oa kwenye basi dogo bovu kwa ruhusa ya mwenye gereji. Wenzake wa mtandaoni walirusha madege makubwa ya kuvuka bahari, mtu anakaa saa kumi anatazama mawingu. Yeye aliona huo ni uvivu. Alitaka ndege ya mikoani: mapangaboi mawili, abiria sabini, safari ya dakika arobaini. Unapaa, unakunywa chai, unatua, na nguo ulizoanika nje hazijakauka.

Ndege yake haikuwa ile iliyokuja na programu ya kuigiza urubani. Ilikuwa ya nyongeza, imetengenezwa na watu wenye wazimu kama wake. Ukisahau kuzima betri leo, kesho huwashi kitu. Ukikanyaga breki ovyo, zinachemka na hazisahau. Ukipakia mizigo vibaya, utajuta ukishakuwa juu. Mandhari nayo ilikuwa ya nyongeza: kiwanja kidogo cha mlimani, lami fupi, nyufa zimewekwa moja moja mahali pake, bati la ghala limeshika kutu upande unaopigwa na mvua, na nyuma ya kibanda cha mlinzi kuna kamba yenye mashati matatu na shuka. Kuna siku alimaliza robo saa nzima akiyatazama mashati yale, hajawasha hata injini.

Lakini raha yenyewe ilikuwa mke. Mke wake alifanya kazi mapokezi kwenye zahanati, na wiki nzima aliita majina ya wagonjwa kwa sauti kavu inayowanyoosha hata walevi. Jumamosi alasiri alikuja akakaa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, akashika orodha ya ukaguzi, na sauti ikawa nyingine kabisa.

"Betri?"

"Imewashwa."

"Mkanda wa rubani?"

"Umefungwa."

"Mkanda wa mke wa rubani?"

"Hebu tuone."

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye orodha. Walikuwa na miaka kumi na minne ya ndoa na binti mmoja aliyekuwa shule ya bweni, na wote wawili hawakuwa watu wa maneno matamu. Maneno yao yalikuwa ile orodha. Akisoma yeye, akijibu mume, mtu aliyepita nje ya dirisha angedhani ni kazi, kumbe ni mapenzi. Jumamosi hiyo alasiri, saa mbili tu kwa wiki, ndiyo Kapteni aliyoiishia siku nyingine sita.

Basi mama mkwe akaja.

Alikuja kwa sababu ya goti. Alikuwa amefanyiwa upasuaji, daktari akasema apumzike miezi mitatu, na kwake alikuwa akiishi peke yake. Kumwambia mama huyu apumzike ilikuwa kama kumwambia jogoo anyamaze. Alikuwa mjane tangu watoto wake wanne wakiwa wadogo. Miaka thelathini alikuwa karani wa mizigo kwenye kituo cha mabasi ya masafa marefu. Yeye ndiye aliyewaonyesha wapakizi gunia gani liende wapi, na dereva hakuwasha gari kabla hajazunguka nyuma kulitazama limekaaje. Siku ya pili tu baada ya kufika, na fimbo yake, alikutwa anapiga pasi mapazia.

Kapteni alimheshimu mpaka akawa anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akimkuta sebuleni, alisalimia, akauliza habari ya goti, akapata shughuli ya ghafla jikoni. Kochi moja hawakuwahi kukalia pamoja. Mama naye alimwita "baba" kwa sauti ya upole, akamwekea koti lake la kazini limepigwa pasi mpaka linakata. Kwa mwezi mmoja wa kwanza hapakuwa na nyumba yenye amani kama ile.

Jumamosi moja duka likampigia simu: mteja anasafiri, miwani yake imevunjika, njoo. Alikwenda, akasaga, akarudi mbio ili awahi walau nusu ya alasiri yake. Mlangoni akasikia orodha inasomwa. Akatabasamu, akidhani mke anajifanyia mzaha peke yake. Akasukuma mlango.

Kwenye kiti cha kushoto, kiti chake, alikaa mama mkwe, goti bovu limewekewa mto, mikono miwili kwenye usukani.

"Mama alitaka kujua tunafanyaga nini humu," mke akasema bila kugeuka. "Ngoja kidogo, tunatua."

Eti tunatua. Kapteni akasimama palepale na mfuko wake mkononi. Mlima ukapita upande, lami ikaja, mama akapunguza nguvu taratibu, akainua pua kidogo, na ndege ikakaa chini kama mtu anavyomlaza mtoto aliyekwisha kusinzia. Ndege ile ya nyongeza ilikuwa na tabia ya kukupa maksi: kila ukitua, iliandika kwenye kona ya skrini umeigonga ardhi kwa kasi gani, na namba ikiwa ndogo ndiyo sifa. Miaka mitatu Kapteni alikuwa ameitafuta namba ya chini, na rekodi yake ilikuwa mia na arobaini. Kona ya skrini iliandika tisini na sita.

"Hiyo ni mbaya?" mama akauliza.

"Si mbaya, Mama," Kapteni akasema. "Ni bahati ya mwanzo."

Wivu una adabu zake za mwanzo. Unabisha hodi, unajifanya mgeni wa muda. Jumatatu alijiambia ilikuwa bahati. Jumanne, akisaga lenzi ya mteja, alijiambia programu ina hitilafu. Jumatano alifungua historia ya safari akaitazama ile tisini na sita mara nne, kwa kisingizio cha kufuta vumbi kwenye kibodi. Ijumaa, mezani, mama akauliza kwa staha kama kesho kutakuwa na ndege. Mkwe gani atamjibu mama mkwe wake kwamba hakuna? Kapteni akasema, "Karibu sana, Mama," na chakula kikamshinda.

Tangu hapo Jumamosi ikawa ya mama. Kapteni alibaki amesimama nyuma, mkono kwenye pazia, kama fundi aliyeitwa kutengeneza bomba akakuta limeshatengenezwa. Alijaribu kusaidia. Alieleza habari za flapu, vile vibao vya nyuma ya mbawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, mama akasema ndiyo baba, akazishusha kabla hajamaliza sentensi. Akawasha upepo mkali wa ubavuni. Mama akaipinda pua ya ndege kuukabili, akatua kwa mia na kumi. Akaweka mawingu mazito mpaka mlimani, akisema ni vizuri kujifunza hali ngumu. Mama akatazama kioo cha mbele chote kikiwa cheupe, akasema, "Leo kumependeza," akaendelea kwa kufuata vipimo. Kapteni mwenyewe katika mawingu yale alikuwa ameshalamba mlima mara tatu, ila hilo hakulisema.

Kushindwa angekumeza. Kilichomkaba ni upande wa kulia. Mke alikuwa amekaa palepale pake na karatasi ileile mapajani, na ile sauti ya Jumamosi, ile iliyokuwa ya mume, sasa ilisomewa mtu mwingine. Walicheka. Walikuwa na vichekesho ambavyo yeye hakujua mwanzo wavyo. Na wiki ya nne, wakiwa wamejipanga mwishoni mwa lami tayari kupaa, mke akakunja karatasi, akamgusa mama yake bega, akasema, "Tayari, Kapteni."

Hakusema kwa ubaya. Hakukumbuka hata kwamba jina hilo lina mwenyewe, na huyo mwenyewe yuko mita moja nyuma yake ameshika pazia. Nyongo ikamwingia rohoni. Alitoka, akaenda kusimama uani, akazitazama nguo zake zilizoanikwa asijue anatazama nini. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na tano anayemwonea wivu mama mgonjwa wa goti, alijua hivyo, na kujua hakukumpunguzia hata chembe.

Hapo ndipo shemeji, kaka wa mke, alipopiga simu. Amesikia mama amekuwa rubani. Jumamosi ijayo anakuja kushuhudia kwa macho yake. Mke alifurahi. Mama alisema hakuna cha kushuhudia, lakini jioni hiyo alionekana anapitia orodha ya ukaguzi akiwa amevaa miwani ya kusomea, ile aliyotengenezewa na mkwe wake.

Jumamosi asubuhi, wanawake wakiwa sokoni, Kapteni aliingia chumba cha ndege akafunga mlango. Kazi ya kupakia ilikuwa yake siku zote: kabla ya safari alifungua ukurasa wa mizigo, akagawa abiria viti vya mbele na vya nyuma, akagawa mizigo chumba cha mbele na cha nyuma, ndege ikae sawa. Safari hii mizigo yote aliipeleka nyuma. Hakufanya kama mhuni anayetaka kubomoa. Alifanya kwa ufundi wake wa nusu milimita: aliongeza kidogo, akatazama, akapunguza kilo chache, akaongeza tena, hadi uzito wa nyuma ukavuka kikomo kwa unywele tu. Ndege itapaa, itakwenda. Ila mwishoni, ikipungua mwendo, pua itataka kwenda juu na mkia utataka kwenda chini. Akafunga ukurasa. Mikono yake haikutetemeka, na baadaye hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Alasiri wakakusanyika. Shemeji alikuwa mwuza matairi, mtu wa kicheko kikubwa; alikaa kwenye kigoda, magoti yakamfika kidevuni. Mama alifunga mkanda. Mke akasoma, mama akajibu, injini zikanguruma. Wakakimbia kwenye lami, na kabla mke hajasoma kasi ya kuinukia, pua ikajiinua yenyewe. Mama akaisukuma chini.

"Leo mzigo kapakia nani?" akauliza.

"Ni mkweo," mke akasema. "Kama kawaida."

"Ahaa," mama akasema.

Dakika arobaini zile zilikuwa ndefu kuliko miaka mitatu yote. Mama alipambana na ndege kimya kimya, akairekebisha huku, akairekebisha kule. Walipoufikia mlima na mwendo ukapungua, pua ikaanza kupanda. Akasukuma. Ikapanda. Lami ikaja, mkia ukatangulia, spika zikatoa mlio wa chuma kinachokwaruzwa, na katikati ya skrini maandishi mekundu yakasema mkia umegonga ardhi, safari imekwisha.

Shemeji akaangua kicheko mpaka kigoda kikalia. "Mama, abiria wako wote wameshukia njiani!"

Mke akageuka nyuma, akamtazama mumewe kama mtu anayetafuta maelezo ya kitaalamu. Kapteni akafungua kinywa.

"Nimekosea mimi," mama akasema kabla yake. "Mikono mizito leo. Uzee huo." Akafungua mkanda, akaomba fimbo yake. Alipompita mlangoni alisimama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, bila ukali wowote, "Baba, gunia zito halikai nyuma ya ekseli. Kiti ni chako. Ungesema tu."

Afadhali angemzaba kofi.

Mama hakukaa tena pale. Wakimwita, goti linauma. Jumamosi mbili Kapteni alikalia kiti chake cha kushoto, mke kiti cha kulia, kila kitu kimerudi kama alivyotaka. Mke akasoma "Betri" kwa sauti ya zahanati, ile ya kuita mgonjwa anayefuata. Akaruka ule mstari usiokuwamo kwenye orodha. Kwenye mlango uliokuwa wazi ilisikika pasi ikigongagonga meza, mama ananyoosha mashuka ambayo hayakuwa na kosa lolote.

Jumamosi ya tatu mama alikuwa amekwisha kupanga begi. Miezi mitatu imetimia, Jumatano anarudi kwake. Kapteni akawasha betri. Mke hakusoma. Alikuwa ameiweka karatasi mapajani, anasikiliza pasi.

"Nina hasira na kaka," akasema. "Alimcheka mama."

"Alikuwa anatania."

"Hujui." Alisema polepole, akitazama skrini. "Nina miaka arobaini na moja. Mama yangu sijawahi kumwona akicheza. Sisi tulicheza, yeye alikuwa anafua, anahesabu magunia, anashona sare za watu. Nikiwa mdogo nilikuwa nadhani watu wazima hawawezi. Halafu nikamwona hapa. Aliniuliza siku moja kama anaruhusiwa kutua tena, yaani bila sababu, kwa raha tu. Jumamosi tano. Nilizihesabu."

Kapteni alikuwa ameshika usukani na ndege imesimama. Angeweza kunyamaza. Shemeji angebeba lawama, ana mgongo mpana, na Jumatano mama angeondoka na siri. Yote yalikuwa yamekwisha kupangwa vizuri. Ila akilini alimwona mkewe ana miaka sita, mlangoni, anangoja mama yake amalize kufua.

"Mizigo niliiweka nyuma mimi," akasema. "Makusudi. Nilimwonea wivu. Mlikuwa mnacheka, na wewe ukamwita Kapteni."

Mke aliikunja karatasi mara mbili, akaikunjua.

"Mama anajua?"

"Tangu alipopaa."

"Akasema kakosea yeye." Mke akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Basi mjinga nilikuwa mimi peke yangu." Akasimama. "Usinifuate. Nenda kwake."

Akaenda. Mama alikuwa na shuka mezani, pasi mkononi. Kapteni alisimama mlangoni akasema aliyoyasema; hayakuwa mengi wala hayakupangika, na miwani ilimfanyia ukungu ikabidi aivue. Bila miwani hakumwona mama uso, aliona umbo tu na mvuke wa pasi.

"Nimekunyima haki yako, Mama. Naomba urushe leo."

"Na ukiona wivu tena?"

"Nitaona," Kapteni akasema, maana siku hiyo alikuwa amechoka kusema uongo.

Mama akachomoa waya wa pasi. "Mzigo napakia mwenyewe," akasema.

Akapakia mwenyewe, taratibu, akirudia kila namba kwa mdomo. Mke alipoombwa akae kiti chake alikataa. Alivuta kigoda cha nyuma akasema orodha aisome aliyeharibu safari. Ndivyo Kapteni alivyojikuta kwenye kiti cha kulia, bega kwa bega na mama mkwe wake, karatasi mkononi, akisoma kwa sauti iliyokwama kwama. Walipaa. Wakapita juu ya mabonde aliyoyajua moja moja. Kwenye kushuka alimsomea kasi na mama akaitunza ileile, na lami ikaja, na ndege ikakaa chini bila mtu kujua ni lini hasa imekaa. Kona ya skrini iliandika sabini na mbili.

Akageuka nyuma amwonyeshe mkewe namba ile. Mke hakuwa anatazama skrini. Alikuwa amejikunyata kwenye kigoda, mikono imeshika mashavu, anamtazama mama yake kwa macho ambayo Kapteni, katika miaka mitatu ya kutua mbele yake, hakuwahi kutazamwa nayo hata mara moja. Wivu ukamchoma palepale panapochoma siku zote, tena mkali zaidi. Safari hii hakuutafutia kazi ya kufanya. Aligeukia mbele, akatafuta mstari kwenye karatasi.

"Flapu?" akauliza.

"Zimepanda, baba," mama akajibu, akicheka.